Ubao wa singa kwa gundi ya korosho: shajara ya mradi, Tanga

Tunatafuta ubao wa dari na wa kuta za ndani ambao malighafi zake mbili kubwa hutupwa au huuzwa kwa bei ya kutupa: singa (nyuzi) fupi za mkonge na maganda ya korosho. Mimi nafundisha kemia sekondari hapa Tanga mjini. Mwenzangu ni fundi seremala wa Ngamiani, aliyechoka kurudishiwa plaiwudi zilizoachana baada ya masika mawili tu. Yanayokwenda sawa nitayapitia haraka. Yanayotukwamisha nitayaeleza kwa urefu, kwa kuwa ndiyo yatakayomkuta mwingine akitaka kuiga.

7 Septemba 2024: malighafi

Singa tumezitoa korona moja, yaani kiwanda cha kuchambulia mkonge, upande wa Muheza. Zile ndefu zina soko lake, zinakwenda kwenye kamba, magunia na nje ya nchi. Sisi tumechukua fupi, zinazodondoka chini ya mashine ya brashi, kwa TSh 900 kilo.

Maganda ni ya kina mama wanaobangua korosho Mkinga. Hawakutaka hela, walitaka tuyaondoe uani kwao. Mafuta ni kiasi cha robo ya uzito wa ganda, lakini kikamulio cha skrubu cha mkono kilitupa chini ya nusu ya hayo, mengine yakabaki kwenye makapi. Ni mafuta mazito, mekundu ya kuelekea weusi, na yanababua. Wenyewe hupaka majivu vidoleni kabla ya kubangua, na bado ncha za vidole zimechubuka. "Mwalimu, usiyashike hivyo," mmoja alinikataza aliponiona nimekunja mikono ya shati. "Yatakubabua mpaka mkeo asikujue." Glovu nene za mpira, miwani na aproni, basi. Bila hivyo usianze.

Mafuta yaliyokamuliwa bila moto, zaidi ya nusu yake ni asidi anakadi. Kinachobaki ni kadoli na kadanoli kidogo. Tunayoitaka ni kadanoli, yaani fenoli iliyobeba mkia wa kaboni 15. Fenoli ya kawaida ndiyo Leo Baekeland aliyoipika pamoja na formaldehaidi mwaka 1907 akapata bakelaiti, ngumu na yenye kupasuka. Ule mkia ndio unaoifanya gundi ya korosho isiwe kavu kiasi hicho na iyakatae maji, na kwa mji wa pwani hiyo ni sifa kubwa.

28 Septemba 2024: kupika mafuta

Ukiipasha moto, asidi anakadi huachia kabonidayoksaidi na kugeuka kadanoli. Ubaoni darasani ni mstari mmoja wa chaki. Jikoni ni povu. Tulijaza sufuria nusu, tukaiweka moja kwa moja juu ya mkaa. Joto lilipovuka nyuzi 140 mafuta yalipanda yote kwa mpigo, yakamwagikia jiko, yakawaka. Mchanga ulikuwa karibu, tukauzima moto. Moshi wake unachoma macho na koo, na jirani wa upande wa pili wa ukuta hajatusamehe mpaka leo.

Kinachofanya kazi ni hiki: sufuria isipite theluthi. Ikalie juu ya bati lililojazwa mchanga, ili joto lipande polepole. Subiri kwanza kati ya nyuzi 110 na 120 mpaka maji yote yaishe, kisha panda taratibu hadi 180, na 200 usiiguse. Povu likikoma lenyewe, kadanoli ipo. Kipimajoto cha TSh 28,000 ndicho kifaa cha kwanza kununua. Fundi alitaka tukadirie kwa macho kama anavyokadiria gundi ya moto, ila baada ya ule moshi hakurudia kusema.

19 Oktoba 2024: gundi ya kwanza, kwa tindikali

Kadanoli na formaldehaidi hazishikani haraka zenyewe, zinahitaji kichocheo, na kichocheo rahisi kupatikana mjini ni asidi ya betri. Ni asidi ya salfuriki iliyokwisha kuchanganywa na maji, TSh 5,000 lita. Asidi ina faida ya pili: mkia wa kadanoli una sehemu zenye bondi mbilimbili, na asidi ya salfuriki huziunganisha hizo pia, kwa hiyo gundi inajifunga mahali pawili.

Kwa kila gramu 300 za mafuta yaliyopikwa tuliweka gramu 120 za fomalini, yaani formaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji. Theluthi ya fomalini hiyo na sehemu ya asidi tuliziacha pembeni ziongezwe wakati wa kukandamiza, la sivyo gundi ingegandia sufuriani. Sufuria ni ya stenlesi, TSh 65,000, yenye mfuniko na mrija wa kupoozea ili mvuke urudi ndani.

Fomalini si kitu cha kuzoeleana nacho. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeiweka formaldehaidi kundi la 1, yaani imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Tunapikia nje, upepo ukiwa mgongoni, na wanafunzi hawasogei.

9 Novemba 2024: ubao wa kwanza, katikati unanata

Singa tuliziloweka kwanza kwenye kostiki soda ya asilimia 5, ili nta na uchafu wa juu vitoke na gundi ipate pa kushika. Tukazisuuza, tukazianika. Kikandamizio alikichomelea fundi mwenyewe: mabamba mawili ya chuma, jeki ya lori chini, elementi za umeme juu na chini. Chuma, jeki kuukuu, nyaya na vyuma vya kuchomelea vilifika TSh 380,000, na hapo ufundi ni bure.

Ubao ulitoka na kingo ngumu lakini katikati ulinata. Tukaurudisha kwenye moto, ukanata vilevile. Tukashuku joto, tukashuku mafuta, tukashuku fomalini kuwa ya zamani. Lakini gundi hiyohiyo iliyobaki kwenye kopo la sampuli ilikuwa imekauka vizuri, unaigonga inalia. Kwa hiyo tatizo halikuwa kwenye gundi. Lilikuwa pale gundi inapokutana na singa.

Karatasi ya litmasi ilimaliza ubishi. Singa zilizoanikwa, ukizilowesha kidogo kwa maji safi, ziligeuza karatasi nyekundu kuwa ya buluu, dalili ya alkali, kinyume cha asidi. Kostiki ilikuwa bado imo ndani ya singa, ikaimaliza asidi yetu kabla haijafanya kazi. Kusuuza mara mbili hakutoshi kwa singa, maana zina matundu membamba kwa ndani na hushikilia maji. Pembeni gundi ilikuwa nyingi na singa chache, ndiyo maana pakakauka.

30 Novemba 2024: asidi zaidi

Tuliongeza asidi maradufu na kusuuza singa mpaka litmasi ikatulia. Ubao ukatoka mgumu wote, wa rangi ya kahawia iliyokolea, unang'aa. Fundi akaukanyaga kwa miguu yote miwili. Tukautundika kwenye dari ya karakana yake, na mwingine nikaupeleka shuleni. Katika hesabu za siku ile tuliandika kwamba hatua imekamilika.

25 Januari 2025: ubao umevunjika

Wa karakana ulikatika wenyewe kwenye msumari. Fundi aliutoa, akaukunja kidogo, ukavunjika kama biskuti. Ule wa shuleni, uliokaa kabatini pasipo jua wala mvua, nao hali ni ileile. Gundi yenyewe ilikuwa nzima. Ukiangalia pale palipovunjika unaona vipande vya gundi safi, na singa ndani yake zimekuwa unga.

Tulipima kwa namna rahisi. Fungu moja la singa tulilichovya kwenye maji matupu, jingine kwenye asidi ileile tuliyokuwa tukiitia kwenye gundi ila iliyozimuliwa zaidi, jingine kwenye gundi isiyotiwa asidi. Yote tukayaanika, tukayaweka kati ya mabamba kwenye joto lilelile la kukandamizia. Fungu la asidi lilisagika kwa vidole. Mengine mawili huyakati kwa mkono.

Sababu inajulikana siku nyingi kwa watu wa sufu. Viwanda vya nguo huondoa vijiti na majani yaliyoganda kwenye manyoya ya kondoo kwa kuyachovya kwenye asidi ya salfuriki na kuyapitisha kwenye joto. Selulosi ya vijiti hukatika minyororo yake na kuwa vumbi, manyoya yanabaki. Singa ya mkonge kwa sehemu kubwa ni selulosi. Tulichojenga sisi ni mtambo wa kusafishia sufu, isipokuwa hatukuwa na sufu.

Na hapa ndipo ninapotaka anayesoma asimame. Kila mwaka ninaandikisha wanafunzi kwamba kichocheo huharakisha mmenyuko na chenyewe hakitumiki. Wanakariri, wanapata alama, nami naendelea na mada inayofuata. Maana yake kwa mtengenezaji sikuwahi kuifundisha: kwamba kama hakitumiki, basi bado kimo. Gundi ikishakauka wewe umemaliza, yenyewe asidi haijamaliza. Inatafuta mmenyuko mwingine wa kuharakisha, na ulio karibu nayo ni kukatika kwa singa. Kuongeza kichocheo ili kuponya ubao unaonata kulikuwa ni kuongeza mkaazi ambaye hatahama.

8 Februari 2025: hakuna kazi, kusoma tu

Hela ya fomalini imekwisha, kwa hiyo wiki hizi ni za kusoma. Nimerudi kwa Karl Ziegler, mkemia Mjerumani wa vichocheo, ambaye darasani humtaja kwa sentensi moja.

Alipata udaktari wake Marburg mwaka 1920, akafundisha Heidelberg na Halle, na mwaka 1943 akakabidhiwa taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe Mülheim, kwa sharti alilolitoa mwenyewe kwamba atatafiti anachotaka hata kama hakihusu makaa. Mwaka 1953 mwanafunzi wake, Erhard Holzkamp, alikuwa akipasha ethilini pamoja na msombo wa alumini ndani ya chombo cha chuma. Walizoea kuona minyororo ikirefuka hatua kwa hatua. Safari hii wakapata butini tu: ethilini mbili zimeungana na mambo yakaishia hapo. Waliposaka sababu wakakuta ni nikeli, chembe ndogo sana iliyobaki chomboni.

Wengi tungesugua chombo tukaendelea. Wao wakauliza: kama metali kidogo hivi inaukatisha mnyororo, nyingine zitafanya nini? Wakazipima moja baada ya nyingine. Heinz Breil alipofika kwenye zirkoniamu, chombo kikajaa polima, yaani minyororo mirefu. Titaniamu ikawa kali zaidi. Polithini ambayo kwa njia ya kampuni ya ICI ya Uingereza ya mwaka 1933 ilidai mgandamizo wa zaidi ya angahewa 1,000, sasa ikatokea kwenye chombo cha kioo, kwa mgandamizo wa kawaida. Mwaka uliofuata Giulio Natta, kule Milano, akatumia vichocheo vya aina hiyo kwa propilini akapata polipropilini ngumu. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1963.

Sasa ije Tanga. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Richard Hindorf, kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, ikapandwa upande wa Pangani. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa tani 230,000 hivi za singa kwa mwaka, na hakuna nchi iliyoipita. Mteja mkubwa alikuwa mkulima wa Ulaya na Marekani aliyefungia majani makavu ya mifugo kwa kamba ya katani. Kamba ya polipropilini ilipoingia, nyepesi, isiyooza, ya bei rahisi, mteja yule akahama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Najua wazee hapa watataja kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967 na namna yalivyoendeshwa baadaye, na hawakosei. Lakini hata shamba linaloendeshwa vizuri haliuzi kamba ambayo hakuna anayeitaka. Sidhani kama kuna mji mwingine Afrika Mashariki ulioguswa na kichocheo kimoja kiasi hiki.

Kilichonisaidia kwenye mradi ni kipande kisichosimuliwa sana. Viwanda vya mwanzo vya polima hizi vililazimika kuosha plastiki yao ili kuondoa mabaki ya titaniamu na klorini, maana yakiachwa yanaiharibu plastiki na kula mashine. Kuosha huko kuliongeza gharama kwa miaka, hadi vikapatikana vichocheo vyenye nguvu kiasi kwamba kinachohitajika ni kidogo mno, na kikibaki hakidhuru. Kwa hiyo njia ni mbili: kioshe, au kitumie kidogo hata kisihesabike. Sisi hatuna uwezo wa njia ya pili. Na asidi ikishanaswa ndani ya gundi iliyokauka, haioshwi tena.

1 Machi 2025: tumehamia kostiki

Fenoli na formaldehaidi hushikana pia kwa kichocheo cha alkali, na selulosi huvumilia alkali kidogo vizuri kuliko asidi. Vipimo vya mafuta na fomalini ni vilevile, ila fomalini yote inaingia mwanzo. Kostiki soda gramu 6 kwa gramu 300 za mafuta, joto kati ya nyuzi 80 na 90, kwa saa kadhaa, mpaka tone likipoa kwenye sahani linavutika uzi. Kisha maji yanafukuzwa polepole.

Sufuria ya alumini isikaribie kazi hii. Kijana wa karakana alipika fungu moja kwenye ya alumini kwa kuwa ya stenlesi ilikuwa chafu. Kostiki iliila sufuria ikitoa mapovu ya haidrojeni, ambayo inawaka, na kwa kuwa kostiki ilikwisha kwa kazi hiyo, gundi haikushika. Hasara mbili kwa pishi moja.

Gundi hii haikauki bila joto. Kati ya mabamba, nyuzi 150, dakika 20, ubao umekauka hadi katikati. Singa tulizisuuza na maji ya mwisho yaliyotiwa siki kidogo. Ubao ni mweusi zaidi kuliko wa asidi, na unapinda kabla ya kuvunjika, jambo ambalo fundi analipenda kwa sababu msumari hauupasui.

3 Mei 2025: masika yamejibu

Mbao nne zilikuwa kwenye kibaraza, upande mvua inaporushwa na upepo. Kingo zimevimba, na juu pametoka unga mweupe mwembamba. Fundi alidhani ni ukungu. Unga haukuwa na harufu, na tulipoukamulia ndimu ukatoa mapovu, kwa hiyo si ukungu. Ni kabonati: kostiki iliyobaki ndani ilivuta unyevu, ikatoka nao juu, ikakutana na kabonidayoksaidi ya hewani.

Mkaazi yuleyule, kwa jina jingine. Ila safari hii anahamishika, kwa sababu gundi ya kostiki, kabla ya kukaushwa, ni kimiminika kizito kinachojitenga na maji. Gundi ikishafika pale pa kuvutika uzi, sasa tunaipoza kidogo, tunatia chumvi ya ndimu iliyoyeyushwa kwenye maji, matone kwa matone, mpaka litmasi isigeuke upande wowote. Gundi na maji ya chumvi vinajitenga, maji tunayamwaga kwenye pipa la taka za kemikali. Tunaosha tena kwa maji ya uvuguvugu, tunayatenga, ndipo tunafukuza unyevu uliobaki. Usimwage yale maji mtaroni, bado yana fomalini.

Bei ya kuosha ni muda. Gundi isiyo na kichocheo ndani yake inategemea joto pekee, na dakika 20 zimekuwa 45. Umeme wa kikandamizio umepanda kwa kiasi hichohicho. Tulijaribu kufupisha kwa kupandisha joto hadi nyuzi 180, lakini singa zikaanza kuungua pembeni, tukarudi 150.

21 Juni 2025: ulipofikia na ulichogharimu

Mbao zilizooshwa zimekaa kibaraza kilekile tangu wiki ile ya Mei, na mvua za mwisho za masika zimezikuta. Hakuna unga mweupe, na kingo hazijavimba kiasi cha kuonekana kwa rula. Mchwa hawajazigusa, ingawa plaiwudi tuliyoilaza kando kwa kulinganisha wameianza.

Ubao wa sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 6, unakula singa kilo 1.2 na gundi gramu 700 hivi. Mafuta ya gundi hiyo yanatoka kwenye maganda ya zaidi ya kilo 5, kwa kikamulio chetu. Ukijumlisha singa, fomalini, kostiki, chumvi ya ndimu, mkaa na umeme, bila ujira, ni TSh 7,000. Silingibodi ya dukani ya eneo hilohilo bado ni rahisi kuliko wetu, na sitawadanganya wanaouliza kama hii ni biashara tayari. Gharama inaweza kushuka kwa vitu viwili: kikamulio kinachotoa mafuta yote, na umeme.

Lisiloridhisha ni harufu. Ubao mpya unanuka fomalini hafifu kwa siku kadhaa, na kwa hiyo hatuutundiki chumba cha kulala mpaka ukae wiki mbili juani. Fundi ana mteja Chumbageni anayetaka dari ya jikoni. Nimemwomba asubiri, naye amekubali kwa shingo upande.

Hatua inayofuata ni kuiondoa fomalini kabisa, au sehemu yake kubwa, kwa furfurali, ambayo nayo hushikana na kadanoli. Kampuni ya Quaker Oats iliitoa kwenye makapi ya oti tangu mwaka 1922, na magunzi ya mahindi yanafaa vilevile: yanapikwa na asidi, sukari zake zinageuka furfurali, furfurali inatoka na mvuke. Asidi ya betri iliyobaki karakanani itapata kazi huko, kwa kuwa yenyewe haipandi na mvuke, inabaki kwenye chungu. Tunatafuta chungu cha shinikizo kilichokwisha kutumika. Mwenye nacho upande wa Korogwe au Muheza tutafidia usafiri.